Kandambili

Nyamvula alikuwa ameahidiwa bahari.
Mimi ndiye niliyeahidi, kinywa kimejaa chapati,
kabla karo haijapanda,
kabla mwenye nyumba hajaongeza elfu mbili.
Basi Jumapili ikatukuta Karura,
lango la Barabara ya Limuru,
nikilipa kwa simu, wakubwa wawili, watoto wawili,
mlinzi akipekua kikapu kutafuta chupa za plastiki.
Alikuta viazi vitamu, mayai, na ndoo nyekundu.
"Ya nini hii?"
"Ya mchanga," akajibu Nyamvula,
miwani ya kuogelea kaipandisha kwenye paji la uso.
Mlinzi akanitazama. Mimi nikatazama miti.

Njia ni pana, inamstahi mtoto:
haina jabali la kumwangusha, ina mizizi tu
ya kumkumbusha ainue mguu.
Mumba, miaka mitatu, alitembea hatua mia moja na tisa
(Syombua alizihesabu, ni mhasibu),
kisha akagoma kama mbuzi mnadani,
na kuanzia hapo alikuwa begani kwangu
akinishika masikio kama usukani.
Kima walitupita juu bila salamu.
Kwenye kila njia panda, kila kibao chenye nambari,
Nyamvula alisimama: "Bahari ni huku?"
Mara ya nne Syombua akasema,
"Muulize baba yako. Yeye ndiye mwenye bahari."

Mwenye bahari alikuwa na jasho mpaka kwenye soksi.

Tuliisikia sauti kabla ya kuona kitu.
Nyamvula akashusha miwani, akatoka mbio,
ndoo ikimgonga goti, ko, ko, ko,
mpaka maporomoko yakamsimamisha.
Si makubwa. Maji rangi ya chai ya maziwa
yanajibwaga jiweni, yanainuka haraka
kama mtu aliyeteleza mbele ya wakwe.
"Haya yanaenda wapi?"

Hapo nikapata pa kushika.
Nikachora kwa kijiti: hapa Karura,
hapa Ruaraka, hapa mto wenye jina la mji,
halafu Athi, halafu nyika, nyika, nyika,
na mwishowe yanaitwa Sabaki,
yanaingia baharini jirani na Mambrui,
kwa shangazi yako Mbeyu.
Sikuchora jaa la taka. Sikuchora mabomba ya viwanda.
Syombua aliona niliporuka, akaendelea kumenya yai.

Nyamvula akaokota jani, amtumie shangazi.
Akainama, nami nimemshika kaptura kwa nyuma,
akaiona imekwama kati ya mawe,
imezungukwa na povu:
kandambili ya buluu, ya kushoto.
Kandambili. Jina lenyewe linadai wawili.
"Na hii ingefika kwa shangazi?"
"Ingefika."
Akalitazama jani, akaitazama kandambili.
Jani akaliacha. Kandambili akaitia ndooni.

Sikumwambia nilichokumbuka:
sisi watoto wa Mambrui, mafuriko yakishapita,
tukiokota ufukweni malapa yasiyo wenzi,
tukiamini kuna meli imezama mbali,
meli ya watu wa mguu mmoja.
Tuliwaombea. Binamu yangu Karisa alilia machozi ya kweli.
Miaka ishirini naishi huku yanakoanzia maji,
wala sijauliza wale marehemu walikuwa nani.

Kutoka, mlinzi ni yule yule.
"Hakuna kinachotolewa msituni."
Nyamvula akamwinulia ndoo.
Akachungulia, akavua kofia, akajikuna.
"Hiki si cha msitu. Pita, mama."

Sasa imekauka kibarazani kwetu Zimmerman, ghorofa ya tatu,
kando ya sukuma ya Syombua iliyopandwa mkebeni.
Mumba huivaa mguu wa kulia, akaanguka, akaivaa tena.
Jana usiku, taa zimezimwa:
"Baba, mwenzake yuko wapi?"
"Ameshafika," nikasema.
Kimya kidogo. Bomba la jirani likitona.
"Na sisi?"
Gizani nikamsikia Syombua, taratibu,
anaanza kuhesabu nauli.